Anwani ya Kobe

Mvua za kwanza zikishapiga Sikonge, kwa kawaida mwezi wa Novemba, kobe huanza kuonekana barabarani. Kiangazi kizima alikuwa amejificha chini ya majani makavu au ndani ya shimo la mnyama mwingine, hana habari na moto unaopita porini wala na upepo wa Agosti. Sasa udongo umelowa, uyoga umechomoza chini ya miombo, majongoo na konokono wametoka, naye katoka kuwafuata, maana hao wote ni chakula chake. Anavuka lami ya barabara iendayo Mpanda kwa mwendo wake uleule. Lori la tumbaku linapunguza mwendo, utingo anaruka chini, anamwokota na kumtua ng'ambo ya pili.

Akiguswa hufanya jambo ambalo kobe wengi hawaliwezi. Sehemu ya nyuma ya gamba lake la mgongo hushuka polepole kama kifuniko cha kasha, ikaziba miguu ya nyuma pamoja na mkia. Ukimwinua kwenye mwanga utauona mstari ulipopita: ni bawaba hasa. Mbele hana kifuniko. Hapo hujikinga kwa miguu yenye magamba magumu, kichwa kikiwa kimezama ndani.

Wataalamu humwita Kinixys spekii. Katika jina hilo la pili amembeba mgeni aliyepita njia hii kwa miguu. John Hanning Speke alifika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, mwezi wa Novemba 1857 akiwa na Richard Burton. Alirudi tena mwanzoni mwa 1861 akiwa na James Grant, wakielekea Nyanza. Mwaka 1863 John Edward Gray wa Makumbusho ya Uingereza aliuandika mwili wa kobe ulioletwa na Speke, akaupa jina la aliyeuleta. Mahali alipotoka kobe huyo palitajwa hivi: Afrika ya Kati.

Basi. Hakuna kijiji wala mto, wala mtemi wa nchi ile. Ni kama barua iliyoandikwa juu ya bahasha, "Apewe Juma, Tanzania." Tarishi atashukuru kwa kuambiwa walau ni Tanzania, kisha atairudisha posta.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kugundua mnyama ni kumwona kabla ya watu wengine. Lakini kobe wa bawaba alikuwa ameonwa na kila mchunga ng'ombe, kila mrina asali na kila mtoto wa Unyamwezi tangu zamani. Kinachofanywa na mtaalamu ni kazi ya karani. Humshika mnyama, humpima kwa milimita kutoka ncha ya pua hadi tunduni, huhesabu magamba, kisha humfunga mguuni kikaratasi kwa uzi wa pamba. Kikaratasi hicho huandikwa kwa penseli au kwa wino maalumu, kwa sababu wino wa kawaida huyeyuka ndani ya spiriti na chupa nzima ikageuka buluu. Juu yake huandikwa namba, tarehe, saa, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na mahali. Siku hizi mahali husomwa kwenye jipiesi hadi mita chache. Mwili ukiharibika rangi, kikaratasi kinabaki. Kikaratasi kikipotea, mwili uliobaki ni mfu asiye na kwao.

Mwili ule mmoja ambao jina hufungwa kwake kwa mara ya kwanza huwekwa kabatini kama ushahidi wa mahakamani. Anayedai miaka 100 baadaye kwamba amepata spishi tofauti sharti aende akailinganishe na mwili huo.

Njia iliyompeleka kobe Ulaya ndiyo iliyopeleka pembe za ndovu pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi, mabegani au kichwani, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Kwenye misafara ya wapelelezi baadhi ya mizigo hiyo ilikuwa masanduku ya ngozi za ndege, mimea iliyobanwa kwenye karatasi, na chupa za spiriti zenye mijusi na nyoka. Kiongozi wa wapagazi wa Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni hadi India akarudi akiwa mtu huru. Alitembea na Burton, na Speke, na Stanley, na Cameron, akaijua bara hii kuliko wote aliowaongoza. Jina lake halimo kwenye gamba la kobe.

Miaka 20 hivi baada ya Speke, Wajerumani wakaja na daftari bora zaidi. Mwaka 1880 walianzisha kituo huko Kakoma, katika nchi ya Ugunda, kusini-magharibi mwa Tabora, ndani ya miombo ileile inayoizunguka Sikonge. Mtaalamu wao wa wanyama alikuwa Richard Böhm, kijana mwenye macho makali. Pale Kakoma alipatikana ndege mdogo wa jamii ya teleka, mwenye mkia mfupi mno hata angani hudhaniwa popo, na mwaka 1882 akapewa jina la Böhm. Safari hii bahasha iliandikwa vizuri. Vitabu vya ndege mpaka leo vinataja Kakoma, na mtu wa Sikonge anayevisoma anaweza kusema: napajua. Böhm mwenyewe hakurudi kwao. Alikufa mwaka 1884 huko Katanga, na barua zake zikachapishwa na wenzake mwaka 1888.

Nyoka wa ziwani alipata jina kwa njia nyingine kabisa. Kutoka Tabora tawi moja la njia ya misafara liliteremka hadi Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji wa Mfalme Leopold walikuwa na ngome. Mkuu wake kuanzia 1882 alikuwa Émile Storms, ambaye mwaka uliofuata alivuka ziwa akajenga kituo kingine huko Mpala. Katika ziwa hilo yumo swila aishiye majini, mwenye pete nyeusi shingoni, ambaye hulala kwenye mianya ya mawe ya ufukoni na kupiga mbizi kuvua samaki. Wavuvi wa Karema na Kigoma walikuwa wakimkuta nyavuni kabla hajafika Mbelgiji yeyote. Mwaka 1886 Louis Dollo, mtaalamu wa Brussels aliyesifika kwa mifupa ya dinosaria, alimwandika nyoka huyo kisayansi na kumwita stormsi.

Shehena aliyorudi nayo Storms haikuwa ya wanyama tu. Desemba 1884 watu wake walimshambulia na kumuua Lusinga, mtemi wa Watabwa ng'ambo ya ziwa, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, likapimwa na kujadiliwa na wataalamu mbele ya wenzao, kama vile nyoka alivyopimwa na kujadiliwa. Mwaka 2022 wakuu wa manispaa ya Ixelles, Brussels, waliliondoa sanamu la Storms lililokuwa limesimama uwanjani kwa zaidi ya miaka 100.

Sanamu huondolewa kwa winchi, lakini jina la nyoka lina sheria zake. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama huheshimu jina lililotangulia kuchapishwa. Jina la kwanza, lile la ukoo, laweza kubadilika utafiti ukibadilika: nyoka huyu aliitwa Boulengerina, sasa amehesabiwa miongoni mwa maswila wa Naja. Jina la stormsi limeganda. Hivyo mvuvi wa Karema anayemchomoa swila kwenye wavu wake anashika mkononi, bila kujua, kumbukumbu ya mtu ambaye mji wake umechoka kumkumbuka.

Jina hudumu, lakini mahali alipotoka kobe hapakuandikwa. Ni kwa sababu hii mtu anayewaza habari za kobe wa Sikonge hujikuta akielekea visiwani, ambako swali la mahali halikwepeki. Kisiwa kina mpaka unaoonekana. Mjusi ama yuko Pemba ama hayuko.

Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Unguja na Mafia hazikutengwa hivyo. Bahari iliposhuka enzi za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, ilishuka zaidi ya mita 100, na mkondo wa Unguja, wenye kina kifupi, ukawa nchi kavu ambayo chura angeweza kuivuka akirukaruka usiku wa mvua. Pemba ilibaki kisiwa. Aliyefika huko alifika kwa kupeperushwa, au akiwa ameng'ang'ania gogo lililochukuliwa na maji.

Mmoja wa waliofika ni mjusi wa kijani kibichi ambaye hutembea mchana kweupe juu ya migomba na minazi, wakati ndugu zake wa darini wanangoja giza. Jamaa zake walio wengi wako Bukini, Ngazija na Shelisheli. Mwaka 1941 Arthur Loveridge alichapisha makala fupi kuhusu viumbe wa Pemba, na humo akamwandika mjusi huyo, Phelsuma parkeri, pamoja na nyoka mwembamba kama kamba ya kiatu aitwaye Leptotyphlops pembae, na chura mdogo wa madimbwi, Phrynobatrachus pakenhami. Angalia majina hayo matatu yalivyogawanyika. Parker alikuwa mtaalamu wa makumbusho ya London. Pakenham alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar, aliyekusanya wanyama wa visiwa hivi na kuandika orodha ya reptilia na amfibia wa Unguja na Pemba iliyochapishwa mwaka 1983. Nyoka peke yake ndiye aliyepewa kisiwa chenyewe.

Loveridge anastahili kutazamwa kwa karibu. Alifika Nairobi mwaka 1914 kutunza makumbusho, vita vikamkuta huko, akawa askari anayekusanya mijusi kati ya mapigano. Baada ya vita alifanya kazi katika idara ya wanyama ya Tanganyika, kisha kuanzia 1924 akawa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akirudi Afrika Mashariki mara kwa mara. Uzeeni alihamia kisiwani, St Helena, akafia huko mwaka 1980. Alikuwa na desturi moja ambayo wengi wa zama zake hawakuijali: chini ya mnyama aliandika pia jina lake la wenyeji, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali alipomkusanyia. Kwake chura alikuwa na jina kabla ya kupewa jina.

Na majina hayo yana elimu yake. Mzanzibari humtenga mjusi kafiri, akaaye dari na kuta usiku, na mjusi-islamu, aotaye jua uani. Mtu wa pwani anajua kwamba guruguru si kenge, na kwamba kifutu halali mahali pamoja na ukukwi, maana mmoja hulala njiani na mwingine hukaa matawini. Huo nao ni uainishaji, ingawa haukupitia kabati la makumbusho.

Mabadiliko makubwa yalikuja mtu wa hapa alipoishika penseli mwenyewe. Katika msitu wa Jozani, Unguja, ambako maji yako karibu sana na uso wa ardhi, yumo chura asiyependa kuruka. Hukimbia kwa miguu minne, kama jamaa zake wote wa kundi la Kassina. Mwaka 2006 aliandikwa kisayansi na Charles Msuya, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Alan Channing. Mwandishi wa kwanza ni Mtanzania, na chura akaitwa Kassina jozani. Hakupewa jina la ofisa wala la mfadhili. Amepewa anwani, na mtu akipotea njia na jina hilo mkononi ataulizia Jozani na kuonyeshwa.

Anwani hiyo ina kazi kuliko heshima. Kiumbe anayejulikana kwao anaweza kuulizwa hali yake. Mwaka 1996, wakati mto Kihansi unachunguzwa kabla ya mtambo wa umeme, watafiti walikuta chini ya maporomoko chura wa rangi ya dhahabu, mdogo kuliko kidole gumba, asiyetaga mayai: huzaa watoto kamili. Nchi yake yote ilikuwa hekta chache zinazolowa mvuke wa maporomoko. Kwa ramani Kihansi iko bara, mbali na bahari. Kwa chura huyo ilikuwa kisiwa, na bahari iliyomzunguka ilikuwa ukavu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mvuke ukanyauka. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vizazi vyao vilianza kurudi Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa Kihansi, ambako mabomba yalikuwa yamewekwa kurushia maji kama mvuke wa zamani. Chura akarudi kwao kwa sababu kwao palikuwa pameandikwa.

Kwa macho hayo Sikonge nayo yageuka funguvisiwa. Masika mbuga hujaa maji, na vichuguu hubaki vimeinua vichwa, kila kimoja na kichaka chake, na nyoka wote wa bondeni wamehamia huko pamoja na panya wanaowala. Mrina asali anayekwenda kutazama mizinga hulijua hilo, kwa hiyo hapandi kichuguu cha masika bila kukigonga kwanza kwa fimbo. Kiangazi mambo hupinduka: vumbi ndilo bahari, na dimbwi la mwisho la mto uliokatika ndilo kisiwa, lina mamba, kenge na vyura wanaosubiri. Watafiti wengi wamevutwa na milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa, kwa haki, maana kila mlima una vyura wake. Miombo ya magharibi yaonekana sawa mwendo wa siku nzima, na macho ya mgeni huchoka haraka. Anayepapitia kwa gari hulala.

Wenyeji hawakulala. Miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi kulikuwa na chama cha Wayeye, mafundi wa nyoka, waliocheza ngoma na chatu shingoni na kufundishana dawa za sumu. Hans Cory, aliyechunguza mila kwa niaba ya serikali ya Tanganyika, alichapisha makala juu yao mwaka 1946. Mwanachama alilazimika kujua nyoka gani anapatikana wapi, msimu gani, mti gani, kwa kuwa kukosea hapo hakukumletea mhariri wa jarida bali jeneza. Elimu yao ilikuwa na mahali, msimu na mti, kila kitu ambacho Gray alikikosa mwaka 1863.

Usiku wa mvua pana kazi nyingine. Mtaalamu wa vyura hutembea na tochi kichwani na kinasa sauti mkononi, kwa sababu spishi mbili zinazofanana kama mapacha hutofautiana kwa mlio. Dume humwita jike wa aina yake tu, na jike ni nadra kukosea. Asubuhi hukagua ndoo alizofukia ardhini hadi mdomoni, zikiwa zimeunganishwa kwa ukuta mfupi wa plastiki, ambamo vyura na mijusi wa usiku hutumbukia. Wanaopimwa huandikwa na wengi wao huachiwa.

Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na mchungaji wa Sikonge huipitisha mifugo yake dimbwini bila kugeuza shingo. Lakini akiombwa, atatega sikio. Ndani ya ghasia ile ipo sauti moja ya peke yake, kama tone kubwa linaloanguka ndani ya mtungi mtupu, kisha kimya, kisha tone jingine kutoka upande wa pili. Huyo ni Kassina wa bara, mwenye mistari myeusi mgongoni, ndugu wa yule wa Jozani. Ukimsogelea hunyamaza. Ukizima tochi na kusimama, naye huanza upya, karibu na kiatu chako, na bado humwoni.

Huko Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, kuna makobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na magambani mwao umri umepakwa rangi ili mtalii asome. Kobe wa bawaba hana namba. Utingo amekwisha kupanda lori, moshi umetawanyika, harufu ya udongo imerudi. Dakika kadhaa zinapita kabla kifuniko cha nyuma hakijainuka kidogo, mguu mmoja ukajaribu ardhi, kisha wa pili. Kichwa kinatoka mwisho. Kikaratasi chake, kama kungekuwa na mtu wa kukiandika kwa penseli jioni hii, kingesomeka hivi: Sikonge, kusini mwa barabara ya Mpanda, hatua 40 kutoka kwenye mti wa mninga wenye mizinga miwili, saa 12 jioni, mvua imekatika, anakula uyoga.